Mteja Mkongwe wa Kampuni ya Tolliver

Kitu walichoomba kilikuwa kidogo kuliko msumari wa kiatu. Kilichokuja kilikuwa kizito kama jiwe la kusagia, kimefungwa karatasi ya kahawia yenye stempu za Amerika, na Davison Nkonde alikibeba kichwani kutoka posta ya boma mpaka nyumbani kwake ukingoni mwa Ziwa Mweru, akipita katikati ya barabara ili watu waone. Watu waliona. Alipoingia uani alikuwa amefuatwa na nusu ya Nchelenge, wakiwemo wale ambao siku za kawaida wakimwona hukumbuka ghafla kwamba wana shughuli upande wa pili.

Mkewe, Suzanne Mwenze, Mkongo wa Kilwa ng'ambo ya ziwa, aliacha kuanika chisense, vidagaa vya ziwa lile, akafuta mikono kwenye kitenge, akakata kamba kwa kisu cha samaki. Ndani mlikuwa na kitabu. Akakishika majalada, kichwa chini, kama kuku anayepelekwa sokoni, akakitikisa. Ikaanguka barua. Pini haikuanguka.

"Tikisa tena," Davison akasema.

"Nimetikisa, baba Mwaka. Ni paka kitabu, kitabu tu." Akamkabidhi. "Tuliomba dawa, njo banatutumia habari ya babu yake munganga."

Pini yenyewe ni kile kichuma cha ndani ya bunduki kinachogonga risasi ili ilie. Ilikuwa imevunjika mvua zilipoanza, na tangu siku hiyo bunduki ya nyumba ile ilikuwa fimbo ghali. Mtu angeweza kucheka, kama hakuwa na shamba. Wao walikuwa nalo, shamba la muhogo pale ardhi inapoanza kulowa, na halikuwa na ndugu: samaki walipokataa wavu, muhogo ule ndio uliokuwa chakula, ada ya shule na heshima ya mwenye nyumba. Kiboko mmoja dume alikuwa amelijua. Zamani risasi moja hewani ilitosha kumkumbusha adabu. Sasa Davison alikuwa akilala shambani na debe kuukuu, akiligonga, na kiboko alikuwa amelizoea debe kama watu wengine walivyoizoea kengele ya kanisa. Kila jioni mumewe alipoondoka, Suzanne alimkumbuka mtu wa kijiji cha jirani aliyekwenda na debe kama lile, akazikwa pamoja na vipande vya debe lenyewe. Hakumwambia. Alimfungia bukari, ugali wa kwao, kwenye jani, akamwambia asisahau blanketi.

Mwalimu Kalaba, ambaye ndiye aliyeandika barua ya kuomba pini kwa Kiingereza chake cha Jumapili, aliitwa asome. Alikaa kwenye kiti kizuri, akakohoa, akasoma huku akiyaruka maneno asiyoyajua, nayo hayakuwa machache. Kitabu kilikuwa historia ya kampuni, miaka mia na ishirini na mitano. Mwaka 1852 Bwana Ezra Tolliver, mhunzi wa Connecticut, mcha Mungu, alitengeneza bunduki yake ya kwanza ili majirani wafukuze mbweha. Mbweha hawakuleta faida. Kisha Mungu akaleta vita, Waamerika kwa Waamerika, na Bwana Tolliver akauzia upande wa Kaskazini kwa uzalendo na, kwa njia ambayo kitabu kilisema haijulikani vizuri, upande wa Kusini pia. Vita vikaisha. Watoto wake wakatengeneza cherehani, wakafilisika. Wakatengeneza baiskeli, karibu wafilisike tena. Mwaka 1917 ukawaokoa. Katika picha ya mwaka ule wote walikuwa wakicheka.

"Na hii barua?" akauliza Bibi Rosaria, kikongwe wa nyumba, kutoka kwenye mkeka wake.

Mwalimu akaisoma polepole, akaisoma tena, halafu akatazama mlango kana kwamba anapima umbali wake. Kampuni ya Tolliver ilikuwa na furaha isiyo na kifani kugundua kwamba mteja wake mkongwe kuliko wote duniani yu hai katika Afrika. Bwana Chisenga aliandika kwamba alipewa bunduki yao mwaka 1908 na Mzungu mwindaji wa tembo, naye wakati huo alikuwa mtu mzima mwenye watoto watatu. Kwa hesabu yao alikuwa amepita miaka mia. Mjumbe wao atakuja yeye mwenyewe kumzawadia bunduki mpya, iliyochorwa jina lake kwa fedha, na ile ya zamani ataipeleka Amerika, ikae ndani ya kioo.

"Wamesema nini juu ya pini?" Bibi Rosaria akauliza.

"Pini hawakuitaja, mama."

*

Msikilizaji asiyetoka Luapula atasema hapa Davison alidanganya. Hakudanganya hata neno moja. Chisenga wa kwanza, yule wa pembe za tembo, alipokufa, mpwa wake alikalishwa kwenye mkeka mbele ya ukoo, akanyweshwa maji, akapewa jina na bunduki. Kuanzia pale akawa Chisenga, watoto wa marehemu wakamwita baba, na aliyekuwa na ugomvi na marehemu akahamishia ugomvi kwake. Huyo ndiye aliyemwoa Bibi Rosaria. Naye alipokufa, maji yalinywewa na Davison, mtoto wa dada yake. Jina halizikwi, hupyanwa, yaani hurithiwa na mtu mzima mzima. Ndiyo maana watu wazima wenye mvi walikuwa wakija kumsalimu Davison, mtu wa miaka thelathini na minane, wakipiga makofi na kumwita babu. Ndiyo maana Bibi Rosaria, asiye na jino hata moja la mbele, alimwita mume wangu, na akimkosea Suzanne chumvi kwenye mboga alimwambia mke mwenzangu nisamehe. Karani wa leseni kule boma aliandika "Chisenga" kila mwaka bila kuinua kichwa. Na akiinue kwa nini? Siku ya maji yale alikuwepo, akanywa pombe mpaka akasahau baiskeli yake.

"Muzungu akifika atauliza: muzee iko wapi?" Suzanne alimwambia mumewe. "Weye utamuambia nini?"

"Ukweli. Chisenga ni mimi."

"Atakuona na meno yako yote."

"Nitamweleza. Mutu aliyesoma ataelewa."

"Njo maana minaogopa. Baliyosoma, njo bale hawaelewake kintu."

Lakini usiku huo, mumewe akiwa shambani na debe lake, alijikuta akiiwaza ile bunduki mpya, yenye pini nzima. Akafagia ua alfajiri mara mbili zaidi ya kawaida, akaazima vikombe kwa mke wa katekisti. Mke wa katekisti alivitoa kimoja kimoja, akivihesabu kwa sauti ili majirani wawe mashahidi.

*

Mjumbe alifika kwa Landrover, na hakufika peke yake. Ng'ambo kulikuwa na vita vya jimbo la Shaba mwaka ule, 1977, na polisi wa upande huu waliiona bunduki hata katika fimbo ya kipofu. Mzungu mwenye bunduki katika sanduku hangepita bila kusindikizwa. Alisindikizwa na Inspekta Mpundu, mtu mwenye tumbo la cheo na suruali iliyopigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe.

Mwamerika aliitwa Bwana Greer. Alikuwa kijana mwekundu, mpole, mwenye kamera kifuani, na alikuwa na ugonjwa wa neno "sisi". Sisi tulianza na mbweha. Sisi tulilisaidia taifa mwaka 1863. Sisi tulipata tabu sana wakati wa baiskeli. Inspekta alitafsiri kwa Kibemba, na kila mtu alimhurumia kijana kwa tabu zote hizo alizopata mapema. Baadaye, kwenye chai, ilibainika kwamba Bwana Greer aliajiriwa na kampuni mwaka uliotangulia.

"Sasa," akasema, akisugua mikono, "yuko wapi mzee wetu?"

Davison alikuwa ameketi kwenye kiti kizuri, shati jeupe limefungwa mpaka kooni, bunduki kuukuu imelala mapajani. "Ni mimi," akasema.

Bwana Greer akatabasamu, akamtazama Inspekta. Inspekta akauliza upya, kwa sauti ya kituoni. Davison akajibu vilevile: bunduki hii nilipewa mwaka 1908, nikiwa na watoto watatu, kwa kubeba pembe za tembo mpaka Kasenga; mabega yaliniuma mwaka mzima. Nyuma yake wazee wakatikisa vichwa, maana habari ya mabega wote walikuwa wanaijua. Bibi Rosaria akaongeza kwamba hata leo mumewe yule analalia ubavu mmoja.

Tabasamu la Bwana Greer likaanza kuchoka. Akaongea na Inspekta kwa muda mrefu, na katika yale maneno Suzanne, asiyejua Kiingereza, alilitambua moja, kwa sababu ya jinsi lilivyosemwa huku mtu anafunga sanduku. Mwizi huitwa mwizi kwa lugha zote. Damu ikampanda.

"Inspekta, muulize ule bwana kintu kimoja," akasema. "Anasema, sisi tuliuza bunduki mwaka 1863. Alikuwako?"

Inspekta alisitasita, akatafsiri. Bwana Greer akacheka kwa adabu. Hapana, bibie, hiyo ni kampuni. Watu hufa, kampuni hubaki. Jina lile lile, kazi ile ile, madeni na sifa zile zile. Anayeingia huingia ndani ya jina.

"Bon," Suzanne akasema. "Na Chisenga ni nini?"

Inspekta Mpundu hakulitafsiri hilo. Alitazama viatu vyake. Yeye mwenyewe kwao Mwense alikuwa amepyana jina la mjomba wake, pamoja na mke mmoja na ng'ombe wawili, na kuna wazee waliomwita baba wakimpigia magoti. Lakini yale yalikuwa mambo ya likizo. Akanyoosha mkono.

"Lete leseni," akamwambia Davison. "Na kitambulisho chako."

Vikawekwa pamoja juu ya meza ya chai. Kimoja kilisema Chisenga. Kingine kilisema Davison Nkonde. Havikuwa na haya hata kidogo, vimelala hapo ubavu kwa ubavu.

"Pini," Suzanne akasema haraka, maana alikwisha kuona siku inavyokwenda. "Muulize basi ile pini tu. Zawadi arudi nayo. Atupe pini, tumalizane."

Bwana Greer aliposikia aliona haya kwa kweli. Hakuwa mtu mbaya. Akaikunja ile bunduki kuukuu katikati, ikafunguka, akachungulia, akaguna. "Pini hii," akasema, "sisi tuliacha kuitengeneza mwaka 1938."

Akapiga picha moja ya bunduki, bila mwenyewe. Sanduku refu likarudi kwenye Landrover kama lilivyokuja, na watu walioliona likipita walilifungulia njia kwa heshima, kama jeneza la mkubwa.

*

Kituoni Inspekta alikuwa muungwana kupita kiasi. Alimpa Davison kiti, akamwagizia maji, akamweleza kwamba atamfunga.

"Nielewe, mulamu, shemeji yangu," alisema. "Ukiwa wewe ni Chisenga, kitambulisho hiki umekiiba. Ukiwa wewe ni Davison, umekaa na bunduki ya marehemu bila leseni miaka hii yote, tena mpakani, tena wakati wa vita. Kwa lipi nikusaidie?"

"Mila unaijua, bwana mukwai."

"Naijua kuliko wewe. Sheria ndiyo isiyoijua, na mshahara wangu unatoka kwake." Akavuta karatasi. "Njia ipo. Unasema mbele ya mashahidi kwamba Chisenga alikufa, amekwisha, na kwamba wewe si yeye. Bunduki inabaki serikalini. Wewe unakwenda kulala kwako. Ukikataa, kesho ni lori la gereza la Kasama, na huko sitakuwepo mimi wa kukuagizia maji."

Jasho lilikuwa limelowesha kola ya shati jeupe. Bibi Rosaria, aliyekataa kuachwa nyumbani akisema mke hubaki pale mumewe aliposhikwa, alikuwa ameketi sakafuni karibu na mlango, na hakuna aliyemwambia aondoke kwa kuwa hakuna aliyemhesabu. Suzanne, aliyewafuata mpaka pale, alimwona. Alijua vizuri sana neno lile alilotakiwa mumewe ni nini. Hata kwao Kilwa watu hupyana, na mtu aliyenyweshwa maji halitapiki jina. Lakini aliwaza lori la Kasama. Aliwaza Davison ndani ya gereza, na yeye Suzanne, mwanamke wa kuja, na watoto, na debe. Hofu ilimkamata, na hofu haina mila.

"Sema, baba Mwaka," akamwambia kwa sauti ndogo. "Sema tu. Ni maneno ya karatasi."

Davison akamtazama kana kwamba amemsikia mtu mwingine.

"Sema turudie kwetu," Suzanne akasema tena.

Davison akasema. Alisema kwa Kibemba, kwa kuwa Inspekta alitaka mashahidi waelewe: Chisenga alikufa. Amekwisha. Mimi si yeye. Konstebo akaandika, Davison akatia kidole, ingawa kusaini alijua.

Bibi Rosaria alisimama kwa kushika ukuta. Alitoka nje taratibu, akafika katikati ya uwanja wa kituo, palipo na bendera na mawe yaliyopakwa chokaa, akafungua kilemba chake, akaketi chini vumbini, miguu mbele, akaanza kulia. Hakuwa analia machozi ya uzee. Alilia kile kilio cha mwanamke aliyefiwa na mume asubuhi hiyo, chenye majina ya sifa na mikono kichwani, na kila aliyekisikia alikijua. Wanawake waliokuwa wakipita na masinia ya samaki wakatua mizigo yao, wakaja, wakaketi. Kilio hakiulizwi kibali. Konstebo alipotoka kuwafukuza alikuta ni wengi, na mmoja wao alikuwa mama yake.

"Nani amekufa?" mwanamke mmoja akamwuliza Suzanne.

Suzanne alifungua mdomo. Davison alikuwa amesimama mlangoni nyuma yake, mzima wa afya, mikono haina kitu. "Chisenga," Suzanne akasema. Kisha akaketi na wenzake, akalia, maana alikuwa na sababu kuliko wote: yeye ndiye aliyesema "sema".

*

Msiba ulikuwa mkubwa, kama inavyostahili mtu aliyeishi zaidi ya miaka mia. Moto uliwashwa uani. Watu wa Puta walikuja kwa mitumbwi, watu wa kanisa wakaja na nyimbo zao, Mwalimu Kalaba akasoma wasifu wa marehemu kuanzia pembe za tembo, na hakuacha neno hata moja. Vikombe vya mke wa katekisti viliazimwa tena. Na kwa kuwa msiba ukiwa kijijini hakuna anayeshika jembe wala kukanyaga shamba, hakuna aliyekanyaga shamba. Davison alikaa na wanaume, amenyoa nywele kama waliofiwa wote, akiyatazama magoti yake. Debe lilikuwa jikoni, linapikiwa chai ya waombolezaji.

Kiboko hakuletewa taarifa ya msiba. Walipomaliza kuzika kisichozikwa, Suzanne alikwenda shambani peke yake, akakuta matope, nyayo kubwa kama sufuria, na mashina yaliyosagwa. Alitafuta mzizi mmoja wa kuupeleka nyumbani ili asirudi mikono mitupu. Alirudi mikono mitupu.

Siku hiyo hiyo ukoo uliketi kumtafuta mrithi. Mara iliyopita wapwa waliligombania jina mpaka wakashikana mashati, na mmoja wa Puta aliapa hatakanyaga tena Nchelenge. Safari hii walikuwa wapole mno. Yule wa Puta alisema kifua kinamsumbua. Wa pili alikuwa ameokoka karibuni, na mchungaji hapendi mambo ya maji. Wa tatu alisema si vizuri wakubwa kuwabania vijana, na kijana aliyetazamwa akasema kwa unyenyekevu kwamba yeye bado mdogo. Jina lililokuwa na bunduki lilikuwa zito. Bila bunduki, lilikuwa na kikongwe mmoja wa kulishwa, watu wenye mvi wa kuitwa watoto, na ugomvi wa tangu enzi za pembe za tembo.

Inspekta Mpundu alikuwa amekuja, amevaa kiraia, na sukari mkononi. Aliketi pembeni kama mtu wa kawaida, na watu walimwachia nafasi pana kidogo.

Kikombe cha maji kilikuwa juu ya mkeka. Kilikaa pale muda mrefu, inzi akatua ukingoni, akazunguka. Bibi Rosaria hakumtazama mtu. Suzanne alikuwa amesimama na wanawake. Alikuwa anajua kwamba chungu jikoni ni kitupu, kwamba kidole cha mumewe kiko kwenye karatasi ya serikali, na kwamba mwanamke mwenye akili angenyamaza. Alivuka ua mbele ya wazee wote, jambo lisilofanywa, akakiinua kikombe, akampelekea Davison kwa magoti, mikono miwili.

"Mimi nilikuambia sema," akasema. "Sasa minakuambia kunywa."

Davison alimtazama yeye, akamtazama Inspekta.

Inspekta Mpundu aligeuka upande wa ziwa, akaangalia mitumbwi kwa makini sana, kama mtu aliyetumwa kuihesabu. Aliendelea kuiangalia mpaka kikombe kilipowekwa chini kitupu.

Wazee wakapiga makofi. Bibi Rosaria alijivuta juu ya mkeka mpaka akamfikia Davison, akamshika kidevu, akamgeuza uso huku na huku, akamkagua kama mtu aliyerudi kutoka safari bila kuaga.

"Ulikuwa wapi, Chisenga?" akasema. "Kiboko amemaliza muhogo wa mkeo."